Kirangozi Hapitwi

Kwa miaka miwili mume wangu aliwaongoza watu kwenda kutazama wanyama na maporomoko ya mto Wami, naye haoni. Hakuna aliyejua ila mimi. Nalisema mapema ili msomaji asidhani nimemwekea mtego. Sipendi watu wanaoficha jambo ili wasifiwe siku ya kulifichua.

Alikuwa Mnyamwezi. Ujana wake aliumalizia njiani, akishuka pwani na kupanda bara mbele ya misafara ya pembe za ndovu, maana alikuwa kirangozi, yule atanguliaye mwenye manyoya kichwani. Akisimama wote husimama, akienda wote huenda. Sheria ya kirangozi ni kwamba hapitwi. Mpagazi aliyemtangulia hata hatua tatu alitozwa kuku, na kama hana kuku alitukanwa mpaka kituo cha mbele. Watu wa mjini husikia hayo wakacheka, wakadhani ni majivuno. Lakini njia zile zilikuwa na mashimo, nyati na watu wabaya, na mia nzima hawawezi kutazama mbele kwa pamoja. Mmoja alitazama kwa niaba yao.

Alipochoka na bara alinioa mimi, Mzigua, akakaa kijijini kwetu karibu na Wami, mwendo wa siku mbili kaskazini ya Bagamoyo. Sisi na Wanyamwezi ni watani tangu mababu. Mtani humtukana mtani wake barabarani, akamchukulia kuku wake mchana kweupe, na hakuna kesi. Siku ya ndoa baba yangu alisema amefurahi kupata mkwe atakayemtukana bila kuombwa radhi. Wote wakacheka, na mume wangu akajibu kwamba ameoa Mzigua kwa sababu punda walikuwa wamekwisha.

Siku hizo Liwali wa Sayyid wa Unguja alikuwa bado anakaa Bagamoyo, na bendera ya Wadachi hatujaijua. Wageni walikuwa wengi pale mjini, wa kila rangi, wakingoja misafara yao itengenezwe. Wengine walichoka kungoja, wakauliza kuna nini cha kutazama. Wakaambiwa kuna viboko Wami, na juu yake kuna maji yaangukayo kutoka kwenye mawe, na kuna kirangozi mstaafu anayejua pote. Walifika kwetu jioni, wakalala, alfajiri akawachukua, na kabla ya magharibi amewarudisha. Tulipata nguo, chumvi, safari nyingine sukari. Lakini alichopata yeye hasa ni kuvaa manyoya yake tena.

Kisha macho yakaanza kuingia ukungu. Mwanzo alimwita mbuzi wa jirani kwa jina la mtoto wa jirani, nami nikacheka mpaka nikakaa chini. Mwezi wa pili akamimina maji pembeni ya kata, yakamwagika miguuni pake, akaendelea kumimina. Siku hiyo sikucheka. Waganga wawili walijaribu dawa zao, ikawa hasara ya majani. Mwaka haujaisha, alikuwa akibagua mwanga na giza tu.

Nilimwambia aache kuwapeleka watu. Akaniuliza, "Nikikaa, nitakuwa nani?"

Mimi ni mwanamke mwenye majibu, muulize yeyote aliyewahi kugombana nami kisimani. Nikamwambia basi nitakwenda naye, nitasema mimi ni mpishi wa wageni, nitakuwa macho yake. Nilijua tunacheza na roho za watu. Nilijua pia kwamba nikimkalisha nyumbani nitamzika akiwa hai. Nikachagua, na sitasema kwamba nilichagua vizuri.

Taabu ilikuwa ile sheria. Mke hawezi kumtangulia kirangozi, wageni wangeuliza. Ilibidi nimwongoze kutoka nyuma. Tukatumia utani. Yeye aliimba nyimbo za msafara na mimi nikamjibu kwa matusi, kama watani wafanyavyo, na ndani ya matusi mlikuwa na njia. Nikimtukana mama mkwe, njia imepinda kuume. Nikimtukana baba mkwe, imepinda kushoto. Nikimwita mlafi, kuna jiwe au mzizi mbele, ainue mguu. Nikiomba maji, asimame papo hapo.

"Mama yako alipika ugali ukawashinda hata kuku!" naye akakata kuume kwa madaha, fimbo begani.

"Mzigua, kelele zako zitafukuza mamba!" alijibu.

Wageni waliokijua Kiswahili walicheka njia nzima. Mmoja aliwahi kumhurumia, akamwambia amwache mwanamke huyu mwenye mdomo mchafu. Mume wangu akamjibu kwamba amemzoea.

Wanyama hawakumpa shida kama unavyoweza kudhani. Kiboko utamsikia akipumua majini kabla hujamwona. Mbega hukohoa juu ya miti kama wazee. Nyati ana harufu yake, na furukombe, yule tai wa mtoni, akilia kila mtu hutazama juu. Yeye alisimama, akaelekeza fimbo, akauliza kama mwalimu, "Mnaona wangapi?" Wageni wakahesabu kwa bidii. Akatikisa kichwa, akasema, "Tazameni tena, kuna mwingine." Na kweli siku zote alikuwapo mwingine.

Kwenye maporomoko tu ndipo hila yetu ilipofikia kikomo, maana ngurumo ya maji ilimeza sauti yangu. Kwa hiyo desturi yake ilikuwa kusimama kwenye mkuyu mkubwa, hatua kama arobaini kabla ya ukingo, mahali unaposikia maji bila kupiga kelele ukisema. Hapo hukaa juu ya jiwe, akawaambia wageni kwamba kazi yake imekwisha, maji yenyewe hayahitaji kirangozi. Mimi nikawapeleka hatua zilizobaki. Wageni waliona ni adabu ya kimsafara, na wengine waliisifu.

Siku ninayotaka kuisimulia alikuja mfanyabiashara wa Kihindi, Mwislamu, mwenye duka la nguo Bagamoyo, pamoja na mama yake mzazi. Mama alikuwa mzee sana, amepanda punda, na mtoto wake akitembea pembeni ameushika mguu wake asianguke. Yule bwana alitueleza jioni, tukila, kwamba mama yake amekaa miaka kumi na miwili katika nyumba ya mawe pale mjini, maji anayoyaona ni ya bahari tu. Kwao, alipokuwa msichana, kulikuwa na mto unaoanguka kutoka mlimani. Sasa ameanza kuugua kifua, naye ameomba jambo hilo moja. Nilimpenda yule bwana kwa jinsi alivyomshika mama yake mguu. Nasema haya ili ijulikane hakuwa mtu mbaya.

Tuliondoka alfajiri. Mvua ilikuwa imenyesha bara, tukauona mto umejaa na rangi yake imekuwa ya udongo. Kwenye bwawa la viboko tulikaa muda mrefu. Kulikuwa na jike na ndama wake, ndama amepanda mgongoni mwa mama, akiteleza, akipanda tena. Mume wangu aliyasikia maji yakipigwa, akasema kwa sauti ya chini, "Yupo na mtoto." Bibi yule aliinama juu ya punda akawatazama, machozi yakamtoka, naye hakuyafuta. Nadhani mume wangu alikitambua kimya cha bibi yule, maana hakuuliza wangapi.

Kabla ya adhuhuri tulifika kwenye mkuyu. Hata pale ngurumo ilikuwa kubwa kuliko nilivyowahi kuisikia, kwa sababu ya mvua. Mume wangu akagusa jiwe lake kwa fimbo, akakaa, akasema maneno yake ya kila siku. Bwana akamfasiria mama yake. Mama akajibu kwa maneno mengi. Akashushwa kutoka juu ya punda, akaja mwenyewe, taratibu, akasimama mbele ya mume wangu na kumwekea mkono begani.

"Mama anasema," bwana akatwambia, "mtu hamwachi mgeni mlangoni. Anasema amekufuata wewe tangu alfajiri, na huko mbele hatakwenda ila nyuma yako."

Niliomba maji. Niliomba kwa sauti kubwa kabisa, "Mnyamwezi, nipe maji!" Mume wangu alinisikia. Alikuwa amekwisha simama. Aligeuza uso wake kwangu, uso wenye manyoya juu yake, nikaona kwamba amefurahi. Mzee wa watu amemwekea mkono begani na kumwomba aongoze. Nani angekataa? Mimi ningekataa, lakini mimi si kirangozi.

Akaanza kwenda.

Njia pale ni mwamba mtupu, mpana, hauna kona. Aliwahi kuupita mara nyingi alipokuwa akiona. Alikwenda polepole, fimbo mbele, na bibi nyuma yake ameshika ncha ya shuka lake, kisha bwana, kisha mimi. Nilitukana. Nilimtukana mama yake, na baba yake, na ukoo mzima, nikaomba maji, nikapiga kelele mpaka koo likaniuma, na mimi mwenyewe sikujisikia. Maji yalikuwa yamejaa hewa yote. Bwana aligeuka kunitazama, akatabasamu, akidhani bado ni mchezo.

Niliuona ukingo. Niliona fimbo yake ikiinuka, na mguu wake ukiifuata.

Hapo nilisimama. Natakiwa kulisema hili. Haukuwa muda mrefu, labda wa kumeza mate, lakini nilisimama. Nikamwona jinsi alivyonyooka. Nikajua kwamba nikimpita sasa, mbele ya watu hawa, kirangozi amekwisha, na nitakayemrudisha nyumbani ni kipofu. Kulikuwa na sauti ndani yangu iliyosema, mwache aende alivyo. Sijui kama ilikuwa sauti ya mapenzi au ya uchovu. Nilikuwa nimechoka sana miaka ile miwili.

Kisha nikakimbia. Nikampiga kikumbo bwana, nikampita bibi, nikampita mume wangu, nikageuka na kumsukuma kifuani kwa mikono yote miwili. Akaanguka chali juu ya mwamba. Manyoya yakamtoka kichwani, upepo wa maji ukayachukua.

Alitandaza mikono chini pembeni yake, akitafuta kitu cha kushika, akipapasa. Bwana akamwona anavyopapasa. Akachutama, akapunga kiganja mbele ya macho yake. Nilisimama na mgongo wangu kwenye maji.

Sikuyasikia maneno ya yule bwana mpaka tuliporudi kwenye mkuyu. Hapo aliyasema tena. "Mama yangu amemfuata kipofu tangu alfajiri! Kando ya mamba! Mna imani gani nyinyi watu?" Alikuwa na haki, na kila neno lake lilinichoma kwa sababu hiyo. Nilimwambia kosa ni langu. Mama yake alikuwa amekaa juu ya lile jiwe, anatazama kule maji yanakoanguka, na nadhani hakuna aliyemwambia bado.

Nilitangulia mimi kurudi. Sikutukana mtu. Mume wangu alishika mkia wa punda, akafuata.

Habari ilifika Bagamoyo kabla ya siku tatu kuisha, kama habari zifikavyo. Wageni waliofuata walikwenda kwa kijana mmoja wa ng'ambo ya mto. Jumbe wa kijiji alikuja kutupa pole, akazungumza nami tu, kana kwamba macho yakifa na masikio hufa. Mume wangu alikaa mlangoni akisokota kamba. Zilikuwa kamba nzuri, na watu walizichukua. Kwa miezi mingi hakunilaumu, wala hakunitukana. Mtani asiponitukana najua pana msiba. Nilimchokoza mimi, nikamwita mlafi, nikasema kamba zake haziwezi kumfunga hata panzi. Alisema, "Haya."

Tulipokuwa tukipura mtama ndipo aliposema. Hakusitisha kazi. "Ulikuwa na haraka siku ile. Nilikwisha jua nimefika. Upepo ulitoka chini ukanipiga usoni. Ningesimama hatua ile ile."

Nikamwuliza kwa nini hakusema.

"Nilikuwa chali," akajibu.

Nilikasirika, nikamwambia ni maneno ya mwanamume asiyetaka kuokolewa na mwanamke. Akaendelea kupura. Na mimi kuanzia siku hiyo sikupata raha. Nikipika, nilikuwa kwenye mwamba. Nikiswali, nilikuwa kwenye mwamba. Kama alisema kweli, nilikuwa nimemvua jina lake mbele ya watu bure, kwa hatua moja ambayo angeisimamisha mwenyewe. Kama alisema uongo, nimemwokoa. Mtu anapaswa kulijua jambo kama hilo.

Masika yaliporudi na mto ukajaa, niliondoka asubuhi, nikamwambia nakwenda kuchuma mboga. Nilikwenda peke yangu mpaka kwenye mkuyu. Nikaokota fimbo. Nikahesabu mwenyewe mahali ukingo ulipo, nikafumba macho, nikaanza kwenda juu ya mwamba kama alivyokwenda yeye.

Hatua thelathini za kwanza hakuna kitu ila ngurumo, inayotoka kila upande, haikuambii lolote. Manyunyu yanakugusa, lakini yanakugusa pote, mbele na nyuma. Nikasema moyoni, alisema uongo. Nikaenda hatua nyingine, na nyingine. Kisha upepo ukanipiga kutoka chini. Ulikuwa wa baridi, ukaniingia puani na chini ya kidevu, ukainua ukaya wangu wa kichwani. Hakuna mtu mwenye ngozi ambaye asingeujua. Nikafumbua macho. Fimbo yangu ilikuwa imeshika mwamba bado, na mbele ya vidole vya miguu yangu kulikuwa na nafasi ya mguu mmoja, na baada ya hapo maji.

Alisema kweli. Nilikaa pale nikalia kwa sauti, kwa kuwa hakuna aliyeweza kunisikia, hata mimi.

Nilirudi nyumbani alasiri bila mboga. Uji wa mgonjwa wa jirani nilikuwa nimeahidi kuupika, nikauweka motoni, nikaenda kukaa karibu na mume wangu mlangoni. Nikamwambia nimetoka maporomoko. Nikamwambia yote, mkuyu, hatua, upepo. Nikamwambia, "Ulisema kweli. Ungesimama. Nisamehe."

Aliacha kamba. "Ulifumba macho?"

"Ndiyo."

"Mpaka ukingoni?"

"Mpaka ukingoni."

"Nani alikuwa nyuma yako?"

"Hakuna. Nilikwenda peke yangu."

Alipiga kelele ambayo sikuwahi kuisikia kwake, hata siku za misafara. "Mwehu wewe! Mwamba umelowa, mto umejaa, macho umefumba! Ungeanguka! Ungeteleza hatua moja, nani angekushika? Nani angekushika wewe?" Mkono wake ulikuwa ukinitafuta hewani, nikampa mkono wangu, akaukamata kifundoni kwa nguvu mpaka ukaniuma. Kisha akarudia polepole, kama anayejisikia mwenyewe, "Mwamba umelowa, mto umejaa, macho hayaoni."

Hakuuachia. Tulikaa vivyo hivyo mpaka tukasikia harufu ya uji ukiungua.